Syncthing kati ya Kariakoo na Sinza: tathmini ya programu ya kusawazisha mafaili

Syncthing ni programu huria inayosawazisha mafaili kati ya kompyuta mbili au zaidi bila kuyahifadhi kwenye seva ya kampuni yoyote. Ilianzishwa na Jakob Borg, msanidi programu wa Sweden, ikatolewa kwa umma kwa mara ya kwanza mwishoni mwa mwaka 2013, na hadi leo inaendelezwa na jumuiya ya watu wanaojitolea chini ya leseni huria ya Mozilla. Haina dirisha lake kwenye skrini. Ikishasimikwa vizuri huanza kazi kompyuta inapowashwa, hukaa chinichini, na lolote inalotaka kumweleza mtumiaji hulieleza kupitia ukurasa unaofunguliwa ndani ya kivinjari. Ninaitathmini nikiwa mtunzaji wa kompyuta za biashara ya usanifu na uchapaji yenye duka la kupokea kazi Kariakoo na karakana ya mashine Sinza, na hukumu yangu naitoa mapema ili msomaji aipime kwa maelezo yatakayofuata: ni programu bora kwa ofisi ndogo ya Dar es Salaam yenye angalau mtu mmoja aliye tayari kuisimamia, na pamoja na kwamba hailipiwi, ubora wake mkubwa uko kwenye ukurasa huo wa kivinjari, ambao husema kweli kuhusu kazi isiyoonekana inayoendelea nyuma yake.

Mahitaji yetu ni ya kawaida kwa wachapaji wengi wa jiji hili. Mteja anakuja dukani akitaka kadi za mchango, kadi za harusi, bango la duka jipya au kalenda ya mwaka unaokuja. Msanifu anaitengeneza kazi hapo hapo Kariakoo mbele ya mteja. Kisha faili la kazi hiyo, ambalo kwa bango kubwa hufikia mamia ya megabaiti, linatakiwa lifike Sinza na kuingia kwenye mashine. Njia zilizozoeleka zinajulikana. Flashi hupewa dereva wa bodaboda, nayo hufika na virusi au hupotea njiani. WhatsApp hutumika, na picha zikitumwa kama picha hubanwa hadi zinapoteza ubora ambao bango linauhitaji. Au faili hupandishwa kwenye hifadhi ya mtandaoni na kushushwa tena upande wa pili, maana yake bando linaliwa mara mbili kwa faili linalosafiri umbali wa kilomita chache. Hasara iliyo kubwa kuliko zote, hata hivyo, haitokani na kuchelewa, inatokana na kutojua toleo lipi ndilo la mwisho. Folda ya mchapaji ikishajaa mafaili yaitwayo "mwisho", "mwisho2" na "mwisho kabisa", itafika siku ambayo bango litachapwa likiwa na tarehe ya zamani, na hapo turubai, wino na imani ya mteja vinapotea kwa pamoja.

Syncthing hulitazama kila faili kama mfululizo wa vipande. Ukubwa wa kipande huanzia kilobaiti 128 kwa mafaili madogo na hufika megabaiti 16 kwa makubwa, na kila kipande hupigiwa hesabu ya SHA-256, kanuni ya kihisabati inayokipa alama yake ya kipekee kutokana na yaliyomo. Kompyuta mbili zinapokutana hazianzi kwa kutumiana mafaili. Hutumiana kwanza orodha za alama hizo, zikazilinganisha, na kilichokosekana upande mmoja ndicho pekee kinachosafirishwa. Ni sawa na mchapaji aliyegundua kosa katika ukurasa wa 40 wa kitabu, akauchapa upya ukurasa huo peke yake badala ya kurudia kitabu kizima. Kwa anayenunua bando, akiba hiyo inaonekana mapema, hasa kwa mafaili makubwa ya picha ambayo msanifu anayagusa sehemu ndogo tu. Lakini faida hii ina mpaka, na ni vema ujulikane kabla mtu hajajenga matumaini. Kama programu ya usanifu inalibana faili lote kila linapohifadhiwa, mabadiliko ya herufi moja yanaweza kubadili karibu kila kipande, na faili zima likasafiri upya. Vivyo hivyo, data ikiingizwa katikati ya faili, vipande vyote vinavyofuata husogea na kuhesabiwa kuwa vipya. Baadhi ya programu za usanifu huruhusu kuzima ubanaji wakati wa kuhifadhi. Faili huwa kubwa zaidi kwenye diski, ila mabadiliko yake husafiri kwa wepesi, na kwa karakana yetu hayo ni mabadilishano mazuri.

Umeme kukatika katikati ya kazi ndicho kipimo ambacho ningekitumia kwa programu yoyote ya aina hii kabla ya kuangalia jambo jingine, na hapa Syncthing imejengwa kwa uangalifu wa kupongezwa. Faili jipya halijengwi juu ya lile la zamani. Vipande vinavyofika hukusanywa kwenye faili la muda, hukaguliwa kimoja kimoja dhidi ya alama zake, na ni baada ya vyote kukamilika ndipo faili la muda linapobadilishwa jina na kuchukua nafasi ya la zamani. Umeme ukikatika, au uniti za LUKU zikiisha bila mtu kuangalia, karakana inabaki na faili zima la zamani, kamwe haibaki na nusu ya jipya. Umeme ukirudi, kazi inaendelea na vipande vilivyobaki, kwa sababu faili la muda hutunzwa kwa saa 24 kabla ya kufutwa. Nimewahi kuona mashine ya mabango ikipewa faili lililokatika nusu, lililofika kwa kunakiliwa kawaida kupitia mtandao wa ofisi, na mashine haikulikataa: ilichapa nusu ya picha na kuiacha nusu nyingine kijivu kitupu hadi mwisho wa turubai. Anayekusudia kuunda programu ya kusawazisha mafaili hana budi kuanza na jambo hili kabla hajafikiria rangi za vitufe.

Sasa nifike kwenye ukurasa wenyewe. Hufunguliwa kwa kuandika 127.0.0.1:8384 kwenye kivinjari cha kompyuta husika, na unaonesha folda upande mmoja na kompyuta zilizounganishwa upande wa pili. Kila folda ina hali yake: imekamilika, inakaguliwa, inasawazishwa, imesimamishwa au ina mafaili yaliyoshindikana. Ukibofya idadi ya mafaili yaliyobaki unapewa orodha yao, na ukibofya yaliyoshindikana unaelezwa kila moja limeshindikana kwa nini, kwa mfano kwamba diski imejaa, kwamba programu nyingine imelishikilia faili, au kwamba jina lake halikubaliki kwenye Windows. Kompyuta ambayo haipo hewani huoneshwa kuwa haipo, pamoja na saa ambayo ilionekana mara ya mwisho. Kuufunga ukurasa hakusimamishi kitu chochote, kwa kuwa ukurasa na kazi ni vitu viwili tofauti. Mtu anaweza kuufungua asubuhi, akaangalia, akaufunga, na usawazishaji ukaendelea mchana kutwa bila kivinjari.

Utengano huo ndio ninaouona kuwa kiini cha programu hii. Kazi ya chinichini ina hatari moja ambayo kila aliyewahi kutunza kompyuta za ofisi anaijua: ikisimama, hakuna anayegundua hadi siku faili linapohitajika. Alama ya kijani isiyoeleza chochote ni mbaya kuliko kutokuwa na alama, kwa sababu inamfanya mwendesha mashine aamini kwamba faili lililo mbele yake ndilo lililokubaliwa na mteja. Ukurasa wa Syncthing hausemi kuwa folda imekamilika wakati kuna kipande kimoja kilichobaki, na inapokuwa imekamilika kwa kadiri ya taarifa za mwisho ilizopokea huku kompyuta ya pili ikiwa imezimwa, kuzimwa huko kunaonekana hapo hapo pembeni. Msomaji wa ukurasa anatakiwa kuzisoma sehemu zote mbili, ya folda na ya kompyuta, na hili nimelazimika kulifundisha kwa subira: folda ya Sinza ikisema imekamilika wakati kompyuta ya Kariakoo haipo hewani, maana yake ni kwamba Sinza ina kila kitu ilichoambiwa hadi hapo, na bado Kariakoo inaweza kuwa na kazi mpya ambayo Sinza haijaisikia. Kuna sehemu moja tu ambapo namba ya ukurasa huo imewahi kunisumbua. Kinapobaki kufuta mafaili pekee, bila data yoyote ya kusafirisha, ukurasa huonesha asilimia 95 na kubaki hapo hadi ufutaji ukamilike. Namba hiyo imewekwa tu na watengenezaji ili ukurasa usiseme 100 kabla ya wakati, na nia hiyo naiheshimu, lakini sentensi fupi yenye kusema kwamba yamebaki mafaili ya kufutwa ingetosha na ingeeleweka.

Kasoro iliyo nzito zaidi ni kitufe chekundu. Folda inaweza kuwekwa katika hali ya kutuma na kupokea, kutuma tu, au kupokea tu. Kwetu, folda ya kazi zilizokubaliwa na mteja hutuma tu kutoka Kariakoo na hupokea tu Sinza, ili mwendesha mashine akiligusa faili kwa bahati mbaya, badiliko lake lisirudi dukani. Mpangilio huu umetufaa sana na ndio ninaoupendekeza kwa kila mwenye duka na karakana. Lakini upande wa kupokea ukibadilishwa, kitufe chekundu hujitokeza kikimwalika mtu kuyatangua mabadiliko ya hapo, na upande wa kutuma hujitokeza kingine kikimwalika kuulazimisha upande wa pili ufanane na wake. Vyote viwili vinaweza kufuta mafaili, na vyote vinaonekana kwa mtu yeyote aliyeufungua ukurasa. Onyo lipo, ila limeandikwa kwa lugha ya fundi. Mfanyakazi aliyezoea kwamba rangi nyekundu humaanisha kuna tatizo linalotakiwa kuondolewa atakibofya ili liondoke. Kwa sababu hiyo, ukurasa kamili ni wa msimamizi, na wafanyakazi wengine nimewatengenezea kitu kingine ambacho nitakieleza.

Kuhusu usalama, chaguo la msingi la watengenezaji ni sahihi: ukurasa hufunguka kwenye kompyuta yenyewe pekee, wala haufikiwi na kompyuta nyingine ya mtandao huo. Wapo wanaobadilisha mpangilio huo ili waufikie wakiwa nyumbani, wakasahau kwamba mwanzoni ukurasa hauna nywila. Yeyote atakayeufikia ukurasa usio na nywila anaweza kuongeza kompyuta yake, akajichagulia folda za kusawazisha, na kuondoka na mafaili ya ofisi. Anayetaka kuusimamia kutoka mbali aweke jina la mtumiaji na nywila ndefu, na njia iliyo bora zaidi ni kuupitisha ukurasa ndani ya muunganisho wa SSH, njia salama ya kuifikia kompyuta kutoka mbali, bila kuufungua kwa mtandao wowote. Utambulisho wa kompyuta zenyewe ni imara. Kila moja ina cheti chake, na kutoka kwenye cheti hicho hutolewa kitambulisho cha herufi na tarakimu 56, zilizopangwa katika mafungu manane ya saba saba. Pande zote mbili lazima zikubaliane: Kariakoo imwongeze Sinza, na Sinza imkubali Kariakoo, la sivyo hakuna kinachosafiri. Kitambulisho hicho si siri, kwa hiyo kinaweza kutumwa kwa ujumbe wa kawaida wa simu, na mazungumzo yote kati ya kompyuta hizo husimbwa kwa TLS, yaani hugeuzwa kuwa maandishi ya siri ambayo aliye njiani hawezi kuyasoma.

Mtandao wa Dar es Salaam una tabia zake, na programu hii inaendana nazo kuliko hifadhi nyingi za mtandaoni. Kompyuta zilizo ndani ya ofisi moja hutafutana zenyewe kwenye ruta bila kuhitaji intaneti. Mnamo Mei 12, 2024, nyaya za chini ya bahari za EASSy na SEACOM ziliharibika, na intaneti ikayumba Tanzania na katika nchi kadhaa za ukanda huu. Katika hali kama ile, ofisi inayotegemea hifadhi iliyo ughaibuni hukosa hata faili lililotengenezwa kwenye meza ya jirani, wakati kompyuta mbili zinazosawazishwa kwa Syncthing kwenye ruta moja huendelea kama kawaida. Kati ya matawi mawili, intaneti inahitajika. Kompyuta hujaribu kwanza kuunganishwa moja kwa moja, jambo linalotegemea ruta na kampuni inayotoa huduma, kwa kuwa mitandao mingi ya simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Njia hiyo ikishindikana, data hupitia seva za kupitishia ambazo huendeshwa na watu wanaojitolea sehemu mbalimbali duniani. Seva hizo haziwezi kuyasoma mafaili, kwa sababu usimbaji huanzia kwenye kompyuta moja na kuishia kwenye nyingine, ila kasi yake ni ndogo na umbali wake ni mkubwa. Ukurasa hueleza ni njia gani inayotumika kwa wakati huo, na ofisi ikiona kwamba mafaili yake hupitia seva hizo kila mara, ni heri izungumze na mtoa huduma wake kuhusu anwani ya umma au ifungue mlango wa 22000 kwenye ruta yake, kuliko kulalamikia programu. Kwa wanaotumia bando, kuna sehemu ya kuweka ukomo wa kasi ya kupandisha na kushusha, na ukomo huo, kwa mpangilio wa kawaida, hauzigusi kompyuta zilizo kwenye mtandao wa ndani.

Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba kompyuta zote mbili zinatakiwa kuwa hewani kwa wakati mmoja. Duka likifungwa jioni na karakana ikianza kazi usiku, hakuna kitakachofika. Tumelitatua kwa kompyuta ya zamani isiyo na skrini, iliyounganishwa na UPS, ambayo haizimwi, na matawi yote mawili husawazishwa nayo. Ofisi isiyotaka gharama ya umeme ya kompyuta kubwa inaweza kutumia Raspberry Pi, kompyuta ndogo inayotumia umeme kidogo, yenye diski ya nje, ili mradi isitarajie kwamba ukaguzi wa mwanzo wa folda kubwa utakwenda haraka.

Ninaomba msomaji asimame kidogo kwenye suala la nakala rudufu, kwa kuwa hapa ndipo ofisi zinapoumia. Usawazishaji hubeba pia ufutaji na uharibifu. Msanifu akiifuta folda ya mteja Kariakoo, Sinza inaifuta pia kwa utiifu ule ule inaoutumia kupokea faili jipya. Kirusi kikiyasimba mafaili ya dukani, yaliyosimbwa ndiyo yatakayosambaa. Syncthing ina uwezo wa kutunza matoleo ya zamani ndani ya folda iliyofichwa, ama kwa mtindo wa kapu la taka, ama kwa kutunza idadi fulani ya matoleo, ama kwa mtindo wa ngazi ambao hupunguza wingi wa matoleo kadiri yanavyozeeka: kwa saa ya kwanza linabaki moja kwa kila sekunde 30, kwa siku ya kwanza moja kwa kila saa, hadi siku 30 moja kwa kila siku, na baada ya hapo moja kwa kila wiki. Ni uwezo mzuri ajabu, na haugharimu kitu zaidi ya nafasi ya diski. Lakini hutunza tu kile kilichobadilishwa au kufutwa na kompyuta nyingine. Faili ulilolifuta mwenyewe kwenye kompyuta yako halitunzwi hapo ulipo; litatunzwa kwenye kompyuta iliyopokea amri ya kulifuta, kama huko utunzaji wa matoleo umewashwa. Maana yake ni kwamba utunzaji huo unatakiwa uwashwe hasa kwenye ile kompyuta isiyozimwa, na juu ya hayo pawepo diski ya nje inayonakiliwa kwa zamu na kuondolewa ofisini. Nawasihi wenye biashara wasiuhesabu usawazishaji kuwa ni hifadhi, hata ukurasa ukiwa wa kijani mwezi mzima.

Yapo pia mafaili yasiyofaa kabisa kuingizwa humu. Hifadhidata ya programu ya mauzo au ya hesabu inayoandikwa muda wote inaweza kunaswa ikiwa katikati ya kuandikwa, na upande wa pili ukapokea kitu kisichofunguka. Watu wawili wakilibadilisha faili moja kabla kompyuta zao hazijaonana, programu haijaribu kuyaunganisha mabadiliko yao. Toleo moja linabaki na jina lake, na lingine linahifadhiwa pembeni likiwa na tarehe na saa ndani ya jina jipya. Hakuna kilichopotea, ila lazima awepo mtu wa kuyafungua yote mawili na kuamua. Na wasanifu wanaotumia Mac waelezwe kwamba jina la faili lenye alama ya kuuliza halitapokelewa na kompyuta ya Windows ya karakana.

Faida moja haizungumzwi vya kutosha. Kazi za kadi za mchango huja na orodha za majina na namba za simu za watu ambao hawajui hata jina la duka letu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za namna hiyo azilinde, na inaweka masharti ya kuzisafirisha nje ya nchi. Programu inayoyaacha mafaili kwenye kompyuta za ofisi pekee haimalizi wajibu huo, lakini inapunguza sehemu za kuulizwa.

Kwa wasanidi programu wa hapa nyumbani, Syncthing ina thamani ya ziada kama kielelezo cha kusoma. Imeandikwa kwa lugha ya Go, na programu nzima, pamoja na mafaili ya ukurasa wa kivinjari, hukaa ndani ya faili moja tendaji lisilohitaji kitu kingine kusimikwa. Ukurasa wenyewe hauna njia ya siri ya kuzungumza na kazi ya chinichini: hutumia maombi yale yale ya HTTP ambayo mtu yeyote mwenye ufunguo wa API (nywila inayotumiwa na programu kuzungumza na programu nyingine) anaweza kuyatuma. Ombi la /rest/db/completion hurudisha asilimia na idadi ya baiti zilizobaki, na /rest/events hubaki wazi likisubiri tukio jipya, hivyo hakuna haja ya kuuliza kila sekunde. Kwa maombi hayo mawili nimetengeneza ukurasa mdogo wa Kiswahili unaokaa kwenye skrini ya karakana, wenye maneno makubwa na bila kitufe hata kimoja: kazi zote zimefika, zinashuka, au duka haliko hewani tangu saa fulani. Swali la kila asubuhi la mwendesha mashine, "Fundi, kazi za Kariakoo zimeshuka?", sasa hujibiwa na ukuta. Huu ndio ushahidi ninaouamini zaidi kuhusu ubora wa muundo huo, kwamba mtu wa nje anaweza kuujengea sura nyingine kwa ajili ya watu wake bila kugusa mstari mmoja wa kazi ya chinichini.

Ninachowalaumu watengenezaji ni kuuacha ukurasa mkuu juu ya AngularJS, mfumo wa kuundia kurasa za kivinjari ambao watunzaji wake waliacha kuuhudumia mwishoni mwa mwaka 2021. Ukurasa unafanya kazi, na kwa kuwa hufunguliwa ndani ya kompyuta moja, hatari yake si sawa na ya tovuti ya umma, lakini kila mwaka unaopita unaifanya kazi ya kuuandika upya kuwa ngumu zaidi, na kijana anayetaka kuchangia leo analazimika kujifunza kitu ambacho hatakitumia kwingine.

Upande wa simu hauridhishi. Programu rasmi ya Android ilisitishwa Desemba 2024, na msimamizi wake alieleza kwamba ugumu wa kuchapisha kwenye Google Play na upungufu wa watunzaji ndivyo vilivyomfikisha hapo. Linaloendelea ni toleo lililochipuka kutoka kwenye hiyo na kutunzwa na watu wengine, liitwalo Syncthing-Fork, ambalo linafanya kazi vizuri mradi simu isilizime ili kuokoa betri, na simu nyingi za bei nafuu zinazouzwa Kariakoo huzima programu za chinichini bila huruma. Kwa iPhone hakuna programu rasmi. Ipo Möbius Sync ya mtengenezaji mwingine. Ofisi ambayo wafanyakazi wake hufanya kazi nyingi kwenye simu ingefaa zaidi kutazama Nextcloud, programu huria ya hifadhi ya mafaili ambayo ina seva moja ya katikati na programu za simu zinazotunzwa, ingawa kuisimamia seva hiyo ni kazi kubwa kuliko yote niliyoieleza hapa.

Anayeanza sasa aanze moja kwa moja na toleo la 2, lililotoka Agosti 2025. Hifadhidata yake ya ndani, inayotunza orodha za mafaili na alama zake, imehamishiwa kwenye SQLite, mfumo wa hifadhidata unaotumika sana, na kompyuta mbili zenye toleo hilo hufungua miunganisho mitatu kwa wakati mmoja, mmoja wa orodha na miwili ya data. Mwenye toleo la 1 na folda kubwa asibadilishe asubuhi wateja wakiwa dukani, kwa kuwa mara ya kwanza programu huhamisha hifadhidata yote ya zamani, na kwenye kompyuta yenye diski ya kuzunguka kazi hiyo huchukua muda mrefu. Aibadilishe Jumamosi jioni baada ya kufunga, kompyuta ikiwa kwenye UPS, na asiizime hadi ukurasa ufunguke tena.